Majani ya Leo

Kwa watu wa umri wangu, Kawe ya Dar es Salaam ni nyama. Kiwanda cha Tanganyika Packers kilijengwa hapa zama za Mwingereza. Ng'ombe waliletwa kutoka bara wakiwa hai, wakatoka wakiwa ndani ya makopo. Mitambo ilinyamaza zamani, lakini jina halijafa. Mtu akikuelekeza kwake bado atakutajia Packers, na viwanja vya kiwanda vimeona mikutano, mahubiri na mechi za vijana ambao hawajawahi kuonja hata kopo moja. Mnyama aliyeingia mtaa huu alikuwa na safari moja tu, na kila mtu aliujua mwisho wake.

Ndiyo maana huwatazama kwa makini watoto wa mitaa ya Ukwamani na Mzimuni wanaporudi jioni wamekumbatia mafungu ya ukoka, wakiwapelekea simbilisi wao. Simbilisi hawa hawafugwi kwa kitoweo. Hawatagi, hawakamuliwi, hawalindi nyumba. Wamewekwa ili wawepo. Kwa mtaa uliokulia kando ya machinjio hilo ni jambo kubwa kuliko linavyosemwa, kwa sababu mnyama aliyewekwa ili awepo anadai kitu ambacho ng'ombe wa Packers hakupata nafasi ya kukidai: anadai kesho, na kesho kutwa, na mtu wa kumkumbuka siku zote hizo.

Kwa jirani yangu alifikia mama mmoja mtu mzima kutoka Makambako, aliyekuja mjini kwa matibabu. Siku ya kwanza tu aliinama kwenye kizimba cha watoto akamnyanyua dume kwa mkono mmoja chini ya kifua na mwingine chini ya matako, kama inavyotakiwa, bila kufundishwa na mtu.

"Huyu amefikia," akasema. "Mnangoja nini?"

"Bibi, hawa hawaliwi," mtoto akamjibu, macho yamemtoka.

Bibi alicheka, akamrudisha mnyama taratibu. Kisha akatazama chini ya kizimba. "Haya, asiliwe. Lakini mjukuu wangu, mbona umempa kabichi tupu? Tumbo litamjaa upepo huyu. Kalete nyasi."

Nililipenda jibu lile na ninalitaja kila ninapopata nafasi, kwa sababu mjini tumezoea kudhani kwamba anayekula mnyama hamjali na anayembembeleza ndiye anayemjali. Huko kwa bibi yule, Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Iringa hadi Njombe na Mbeya, simbilisi wamekaa jikoni na familia kwa vizazi. Wanalala pembeni mwa mafiga, wanakula maganda na majani ya mahindi, na wanaowatunza hasa ni kina mama na watoto. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, huko Kivu, wanyama hawa wamezisaidia familia katika miaka ya vita: ng'ombe huonekana kutoka mbali na huswagwa na wenye bunduki, lakini simbilisi kwenye kona ya jiko la giza nani atamwona? Watu wa aina hiyo wanamjua simbilisi kuliko sisi wenye vizimba vilivyopakwa rangi. Wanajua akiwa kimya ana nini. Sisi bado tunajifunza, na ni heri tujifunze kwao.

Kwao halisi mnyama huyu ni mbali zaidi. Simbilisi alifugwa kwanza na watu wa milima ya Andes, maelfu ya miaka iliyopita, katika nchi ambazo leo ni Peru, Bolivia na Ekwado, naye huko ni chakula cha heshima mpaka sasa. Katika kanisa kuu la Cusco kuna mchoro wa Karamu ya Mwisho wa Marcos Zapata, wa karne ya 18, na mezani mbele ya Bwana kuna sinia la mnyama mdogo ambaye wengi humtambua kuwa ni simbilisi. Ni mnyama wa milimani, wa baridi na nyasi. Kumleta Kawe, hatua chache kutoka baharini, ni kumhamisha hali ya hewa, na aliyemhamisha anabeba deni lake.

Deni lenyewe limo katika mwili wake, na hapa ndipo ninapomwona simbilisi kuwa tofauti na wafugwao wengine wote wa uani. Mbuzi hujitengenezea vitamini C ndani ya mwili wake. Kuku vilevile. Njiwa, paka, mbwa, hata panya anayekimbia juu ya dari usiku, wote wanazaliwa na uwezo huo, na mmoja hana haja ya kumwomba mwenzake. Simbilisi hana. Katika historia ndefu ya ukoo wake alipoteza kimeng'enya cha mwisho katika mnyororo wa kuitengeneza vitamini hiyo, na hakukipata tena. Tumbili na nyani wana upungufu huohuo. Na sisi tunao. Ukikusanya viumbe wote wa uani kwako, mwenye mbawa na mwenye kwato, wawili tu watakufa kwa kukosa kitu kibichi: mtoto anayeshika fungu la majani, na mnyama anayelisubiri.

Tuligunduaje? Mwaka 1907 Wanorwe wawili, Axel Holst na Theodor Frølich, walikuwa wakichunguza ugonjwa wa beriberi uliowasumbua mabaharia. Njiwa waliolishwa nafaka tupu walikuwa wamepata dalili za beriberi, basi wakajaribu mnyama mwingine, simbilisi, wakampa nafaka na mkate. Beriberi haikuonekana. Badala yake ufizi ukatoka damu, meno yakalegea, mifupa ikadhoofika: kiseyeye kilekile kilichokuwa kimewaua mabaharia wa Ulaya kwa mamia ya miaka. Walipowapa kabichi au maji ya limau, wakapona. Laiti wangemchagua panya wasingeona kitu, maana panya anajitosheleza. Kutokana na njia hiyo watafiti wakaweza kuisaka vitamini C mpaka wakaipata, na mwaka 1937 Albert Szent-Györgyi akapewa Tuzo ya Nobeli ambayo ndani yake mlikuwa na kazi hiyo. Kila mtoto wa kliniki aliyepona ufizi kwa kupewa machungwa anadaiwa kidogo na wale simbilisi wa Norwe, ambao hakuna aliyewauliza.

Vitamini C haikai mwilini muda mrefu. Ya leo hutumika, nyingine hutoka kwa mkojo, na ya kesho lazima itafutwe kesho. Simbilisi mzima mwenye afya anahitaji miligramu 10 hadi 30 kwa siku, na mwenye mimba au mgonjwa huhitaji zaidi. Akikosa kwa wiki mbili tatu utamwona hataki kutembea, manyoya yamesimama ovyo, viungo vinamuuma hata ukimgusa anapiga kelele, na kidonda kidogo hakifungi. Ndiyo maana chakula cha sungura cha madukani hakimtoshi, hata kama muuzaji ataapa kuwa ni kilekile. Sungura hahitaji kuongezewa vitamini hiyo, kwa hiyo hakuna aliyeitia. Hata chakula kilichotiwa hupungukiwa nguvu kikikaa wazi kwenye joto na unyevu wa pwani yetu, miezi michache tu na kinachobaki ni pumba za bei kubwa.

Na kwa nini kuhangaika na vidonge wakati tuna genge? Pera moja la wastani, haya mapera ya uani yanayooza chini ya miti kwa wingi, lina vitamini C kuliko chungwa kwa mbali. Kipande kidogo kinatosha, kwani sukari nyingi humharibu tumbo. Pilipili hoho ndiyo bora kwa kila siku: kipande cha ukubwa wa vidole viwili kwa kila mnyama, tena ile nyekundu inazidi ya kijani. Mama wa genge wa mtaani kwetu amekwisha kuzoea, humwekea mtoto wa jirani hoho zilizokunjamana ambazo wateja wa kupika hawazitaki, na majani ya karoti ambayo zamani aliyatupa. Figili na majani yake ni mazuri. Mchicha na matembele kidogokidogo, si kila siku, maana chokaa na chumvi zake hujenga mawe kwenye kibofu. Kisamvu kibichi kamwe. Sumu inayotolewa na kinu na moto imo yote ndani ya jani bichi. Majani ya nyanya na ya viazi mviringo vilevile, pamoja na vitunguu vya aina zote. Parachichi msimpe, tunda wala jani.

Lakini hayo yote ni kitoweo. Ugali wa simbilisi ni nyasi. Ana meno 20, na yote, ya mbele na magego, hayaachi kuota mpaka anakufa. Kinachoyasaga yasirefuke ni nyasi zenye ukakasi, zinazotafunwa mchana na usiku. Mnyama anayeshibishwa pumba na vipande vya matunda atanenepa na kupendeza machoni, huku magego yanarefuka ndani na kufunga ulimi, mpaka siku moja anasimama mbele ya bakuli akikitamani chakula asichoweza kukitafuna. Nimeona mnyama wa hali hiyo katika nyumba yenye kila kitu. Ukoka, majani ya tembo yaliyokatwa mafupi, majani mabichi ya mahindi, kishonanguo kabla hakijatoa mbegu: hivi viwepo saa zote, rundo linalozidi ukubwa wa mnyama mwenyewe. Utumbo wake pia hausimami. Simbilisi asiyekula kwa saa kadhaa ana shida, na asiyekula siku nzima yuko hatarini. Na mtoto akikuambia kwa mshangao kwamba anakula mavi yake, mtulize. Anachokula ni kinyesi laini cha kwanza ambacho kina vitamini zilizotengenezwa kwenye utumbo wa nyuma. Anakipitisha mara ya pili ili asipoteze kitu.

Nyasi za Kawe zina ramani yake, na ramani hiyo wanaijua vijana wa baiskeli wanaokata majani kwa ajili ya ng'ombe wa maziwa. Mmoja wao hupita asubuhi kwetu.

"Shikamoo mama. Leo nina mabua machanga."

"Marahaba baba. Umeyakata wapi?"

Swali hilo la pili ndilo lenye uzito. Kandokando ya Mto Mlalakuwa majani hustawi kuliko popote, marefu na ya kijani kibichi hasa, kwa sababu mto umebeba maji machafu ya makazi yote unayoyapitia kabla ya kuingia baharini. Ukingoni mwa barabara ya Bagamoyo kuna ukoka mzuri pia, na vumbi la moshi wa magari juu yake, na mkojo wa mbwa. Ng'ombe mwenye mwili wa kilo mia kadhaa huenda akavumilia. Simbilisi ni kilo moja. Kijana wa baiskeli naye ameshaelewa, hunitengea fungu alilokata kwenye viwanja vya juu, mbali na mtaro, na ninalilipia zaidi bila kinyongo. Nyumbani majani husuuzwa na kutandazwa kivulini mpaka yakauke umande, maana majani yaliyolowa na kurundikwa hupata joto na kuchacha, kisha humjaza tumbo upepo.

Masika yanapoanza, Machi na Aprili, huna la kutafuta ila pa kukausha. Watu wenye busara huanika ziada kwenye kamba au juu ya wavu chini ya paa, wapate nyasi kavu za kuvukia kiangazi. Nyasi kavu zinasaga meno vizuri tu, ila vitamini C yake imekwisha kwenda na jua, basi hoho na pera vinakuwa lazima.

Shida kubwa ya pwani ni kaskazi. Kuanzia Desemba hadi Machi joto la mchana la Dar es Salaam huzunguka nyuzi 31 na 32, na unyevu hewani hauruhusu jasho kukauka. Simbilisi hana jasho la kumpoza. Juu ya nyuzi 27 au 28 ameanza kuteseka. Juu ya 30, kwenye banda lisilopitisha hewa, anaweza kufa mchana mmoja. Banda lililoezekwa bati na kuwekwa ukutani upande wa magharibi ni tanuri ifikapo saa nane. Ukimkuta amejilaza ubavu au kwa tumbo, anahema kwa haraka, mate yanamtoka, mpeleke kivulini kwenye sakafu ya baridi, mpake maji ya kawaida masikioni na miguuni, usimzamishe kwenye maji ya barafu. Ila afadhali kuzuia. Watoto wa jirani huweka chupa ya plastiki yenye maji yaliyogandishwa, imefungwa kitambaa, katikati ya kizimba, na wanyama huiegemea kutoka pande zote mbili. Umeme ukikatika na friji likiyeyuka, kizimba huhamia sakafuni ukumbini, chini ya meza ya chakula. Hakuna aliyeandika ratiba hiyo, lakini wote nyumbani wanaijua, na mtoto mdogo kabisa ndiye anayelia "Umeme!" kabla ya mtu mwingine kukumbuka.

Ulinzi nao una mambo yake. Paka tunamjua. Siafu tunawajua, na miguu ya kizimba iliyosimama ndani ya makopo ya maji bado ni dawa kuliko dawa. Anayesahaulika ni kunguru. Hawa kunguru wenye shingo ya kijivu walioenea mjini waliletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19, na sasa hawaogopi mtu. Kitoto cha simbilisi huzaliwa kikiwa na manyoya kamili, macho yamefunguka, meno tayari, na kabla ya siku kwisha kimeanza kutafuna majani. Ukikiona unaweza kudhani ni mnyama aliyekomaa, ukakiachia uani acheze. Kunguru hadanganyiki. Wavu wa kuku uwe na paa.

Kuhusu ugonjwa nina neno moja ambalo natamani libandikwe kwenye kila duka la dawa. Mnyama akipiga chafya au akiwa na kidonda, tumezoea kununua vidonge vya rangi mbili na kuvigawanya. Penisilini na ndugu zake, amoksilini ikiwemo, humuua simbilisi. Huua bakteria wema wa utumboni, wabaya wakapata nafasi na kutoa sumu, na mnyama anaondoka ndani ya siku chache kwa kuhara. Hili limejulikana tangu miaka ya 1940. Mei 1940 Howard Florey kule Oxford alijaribu penisilini kwa panya wanane. Angechukua simbilisi huenda dawa iliyookoa mamilioni ingeonekana sumu ikawekwa kando. Mwili uleule uliotufundisha kiseyeye ungetuficha penisilini. Basi muulize daktari wa mifugo, na umwambie wazi ni mnyama gani kabla hajafungua sanduku lake. Na usimweke kizimba kimoja na sungura ingawa wauzaji wengi hufanya hivyo: sungura hupiga mateke, na hubeba vijidudu vya kifua ambavyo yeye mwenyewe havimsumbui.

Kuna chakula kingine ambacho genge haliuzi. Simbilisi ni mnyama wa kundi. Huongea mchana kutwa, hunguruma kwa kuridhika, hulia "wii, wii" anaposikia mfuko wa plastiki ukichakarika, na akifurahi hasa huruka juu mwili mzima ukijikunja hewani. Mazungumzo hayo ni ya wenzake kwanza. Mmoja peke yake hunyamaza, akala kidogo, na wenye nyumba husema ni mpole. Upole huo ni huzuni. Uswisi waliona hivyo wakaweka kwenye kanuni zao za mwaka 2008 kwamba simbilisi asifugwe peke yake, na baadaye mwanamke mmoja huko akaanza kukodisha simbilisi kwa waliofiwa na mmoja wa wawili, ili aliyebaki apate mwenzi bila mwenye nyumba kulazimika kununua tena na tena bila mwisho. Naliona ni wazo la watu waliofikiri hadi mwisho.

Jike na dume pamoja, hata hivyo, ni hesabu nyingine. Mimba huchukua miezi miwili na siku kadhaa, na jike anaweza kushika nyingine saa chache tu baada ya kujifungua. Dume mchanga ana uwezo wa kuzalisha akiwa na wiki tatu tu, hata kwa mama yake. Jike ambaye hajazaa kabla ya miezi saba au minane, nyonga yake hukaza, na mimba ya kwanza baada ya hapo mara nyingi humuua. Watu hununua "jozi" kwa ajili ya mtoto, baada ya mwaka wana kundi, na kundi hilo hugawiwa kwa yeyote anayenyoosha mkono. Majike wawili, au ndugu wawili wa kiume waliokua pamoja, ndilo chaguo la mtu aliyekusudia kuwatunza.

Simbilisi huishi miaka mitano hadi minane. Mtoto aliyemwomba akiwa darasa la pili atakuwa sekondari, na mikono iliyokumbatia ukoka itakuwa na mambo mengine. Kwa hiyo anayenunua simbilisi kwa ajili ya mtoto ajue amejinunulia yeye. Atakayekwenda gengeni wakati wa mitihani ni mama. Atakayegeuza maranda yaliyolowa Jumapili jioni ni baba, au dada wa kazi ambaye hakuulizwa kama anapenda wanyama, na ambaye kwa haki angepaswa kuulizwa.

Kwa jirani yangu mmoja wa majike wawili alikufa kwa uzee mwaka uliopita. Aliyebaki alikaa siku nyingi pembeni mwa kizimba, majani mbele yake. Familia moja ya Mzimuni, ambayo watoto wake wamekwenda bweni, ilisikia habari na ikamleta jike wao mwenye madoa, kwa maneno haya: "Mkae naye, sisi tutakuja kumwona." Walileta na fungu la majani aliyoyazoea. Wale wawili walifokeana siku ya kwanza, wakatenganishwa kwa ubao wenye matundu, wakasikilizana kwa sauti, kisha ubao ukaondolewa. Sasa wenye mnyama wanapokuja Jumamosi hupitia kwanza gengeni, na nyumba mbili ambazo hazikuwa zikisalimiana kwa zaidi ya kichwa zimeanza kubishana kwa sauti kubwa ni nani aliyempa pera kubwa mno.